Shekeli kwenda paundi: shika arobaini kwanza

Nafundisha darasa la Biblia la vijana mwaka wa tisa huu na kitu kilichonisumbua kuliko vyote sio majina ya wafalme, ni uzani. Mwanzoni nilikuwa nategemea kitabu cha maelezo cha Kiingereza cha zamani, kila kitu kiko kwa paundi na aunsi, nikasoma kwamba darii ya Goliathi, yaani vazi lake la vita la shaba, ilikuwa paundi 125, nikasimama mbele ya vijana nikasema kilo 125. Wakaandika kwenye madaftari. Baada ya darasa mzee wetu mmoja, ambaye ujana wake wote uliishia kwenye maghala ya karafuu, akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hizo ni kilo au ratli?" Ratli kwa wazee wetu ndo paundi. Sikuwa na jibu, na iliniuma kwelikweli maana wale watoto waliniamini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usianzie kwenye paundi, anzia ndani ya Biblia yenyewe. Fungua Kutoka 38 uone. Wanaume 603,550 kila mmoja katoa nusu shekeli, kipimo cha uzani cha Waebrania, jumla inakuwa shekeli 301,775, na maandiko yanasema hiyo ni talanta 100 na shekeli 1,775. Sasa toa hizo 1,775, zinabaki 300,000, gawa kwa 100, umepata talanta moja ni shekeli 3,000. Fanya mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, ukiifanya mara moja huisahau tena. Halafu Kutoka 30 inakwambia shekeli ni gera 20. Mane, kipimo kilicho kati ya shekeli na talanta, ndo ina mgogoro kidogo, kawaida huhesabiwa shekeli 50 lakini Ezekieli 45 ukijumlisha 20 na 25 na 15 unapata 60, kwa hiyo ukikutana na mane angalia kwanza uko kitabu gani.

Tunajuaje shekeli ilikuwa gramu ngapi? Kwa mawe. Waebrania walipimia mawe, neno lao la kipimo cha mizani ni jiwe tu, kama sisi tunavyosema mawe ya mizani, na hata Waingereza nao wana kipimo kinaitwa jiwe, paundi 14. Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota mawe mengi ya chokaa Yerusalemu na Lakishi, madogo, yamechongwa mviringo juu na bapa chini yakae vizuri kwenye sahani ya mizani, mengine yana alama. Yakipimwa shekeli inakuja kama gramu 11.4 hivi. Kuna mengine yameandikwa "pim", yana uzito wa kama theluthi mbili ya shekeli, na hayo ndo yalifungua fumbo la 1 Samweli 13:21, maana neno hilo linatokea hapo tu na wafasiri wa Kiingereza wa 1611 hawakulijua wakaandika tupa, kile chombo cha kunolea, kumbe ni bei waliyotozwa Waisraeli kunolewa majembe yao!

Sasa arobaini. Paundi ni gramu 453.6, gawa kwa 11.4 unapata 39.8, we sema 40 tu. Shekeli gawa kwa 40 unapata paundi, paundi zidisha kwa 40 unapata shekeli. Darii ya Goliathi shekeli 5,000, paundi 125, yaani kilo 57, mfuko wa saruji na kilo saba juu yake. Nywele za Absalomu shekeli 200, paundi 5. Talanta paundi 75, na yule mzee nilipomwambia hivyo akajibu palepale, "Frasila mbili na ratli tano," kwa sababu frasila yao ya karafuu ilikuwa ratli 35. Na usiandike paundi 125.66 kama mashine za intaneti zinavyokupa, mawe yenyewe hayalingani hivyo, sema kama 125 inatosha.

Aunsi ya kawaida ni shekeli mbili na nusu. Lakini hapa naomba uwe makini sana, dhahabu haipimwi kwa aunsi hiyo, ina aunsi yake ya gramu 31.1 wakati ya kawaida ni 28.35. Niliwahi kukaa usiku mzima natafuta thamani ya talanta 666 za dhahabu alizopata Sulemani kwa mwaka mmoja, nikapata aunsi 803,000 na kitu, nikazidisha na bei ya soko la dunia, yote bure, maana kwa aunsi ya dhahabu ni kama 732,000. Aunsi zaidi ya 70,000 hazikuwepo kabisa. Siku hizi dhahabu naipeleka kwenye gramu tu, ile pete ya Rebeka ya nusu shekeli ni gramu 5.7, sonara yeyote anakuelewa.

Na ratli. Wazee wetu wakisema ratli wanamaanisha paundi ya Mwingereza, ila Nikodemo kwenye Yohana 19 anapoleta manemane na uudi yapata ratli mia, hiyo ni ratli ya Kirumi, kama gramu 327. Ni kilo 33 hivi, sio 45. Ile arobaini usiipeleke huko.

Mwaka jana nilirudi kwa Goliathi na darasa jipya. Kichwa cha mkuki wake shekeli 600, paundi 15, karibu kilo saba. Nikafunga kilo saba za maharage kwenye ncha ya mpini wa jembe, nikamwambia kijana mmoja mwenye mwili wa mazoezi ashike mwisho wa pili aunyooshe mbele kama anataka kuchoma. Akaunyanyua, mikono ikaanza kutetemeka, ncha ikashuka ikagusa sakafu. Yule mzee alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akauliza ni shekeli ngapi, na safari hii darasa zima ndo lilimjibu.