Paipu za umeme: kabla ya lipu au baada ya lipu?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Najenga nyumba ya vyumba vitatu Kibaha, ukuta umefika lenta. Fundi wangu wa ujenzi anasema nisihangaike na umeme sasa. Tupaue, tupige lipu, kisha fundi umeme atatindua ukuta apitishe paipu za nyaya. Fundi umeme naye amenipa hesabu ya pointi 32 (sehemu za taa, swichi na soketi) bila kuniuliza chochote. Bafuni nataka hita ya maji, na AC nitaweka baadaye Mungu akijalia. Nimsikilize nani?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa kufika lenta.

Fundi wa ujenzi amepatia nusu. Paua kwanza, kwa sababu paipu nyingi zitapita juu ya dari na zinahitaji mbao za kufungiwa. Lakini lipu isubiri. Ukuta ukitinduliwa ungali tofali tupu, mifereji ya paipu inafunikwa na lipu ileile. Ukitinduliwa baadaye unalipa mara mbili, na viraka huja kupasuka hata chini ya rangi. (Ingekuwa ghorofa, paipu za slabu zingefungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa.)

Pointi 32 ndizo zinazonitia wasiwasi. Pointi haihesabiki kabla fundi hajajua mtakavyoishi humo ndani. Chukua ramani na chaki, ingia nyumbani kwako pamoja na watakaoishi humo, mchore kila swichi na soketi ukutani. Mlango unafungukia upande gani? Swichi ikae upande wa kitasa, isijifiche nyuma ya mlango. Kitanda kitakaa wapi? Kila ubavu wake uwe na soketi. Korido iwe na swichi mwanzo na mwisho kwa taa ileile. Jikoni ndiko watu wanakojinyima: friji, birika, blenda, jiko la presha, kila kimoja kinataka soketi yake juu ya kaunta, mbali na sinki. Nimeshaingia nyumba mpya kabisa nikakuta jikoni soketi moja, na ekstensheni inaning'inia juu ya jiko la gesi. Inaniuma, kwa sababu soketi mbili za ziada zingegharimu kidogo sana wakati ule ukuta ukiwa wazi.

Nyaya nazo zigawanywe. Taa zitumie waya wa moja na nusu (unene wa shaba yake kwa milimita za mraba), na breka, kile kifaa kinachokata umeme waya ukizidiwa, iwe ya ampea 10. Soketi zitumie wa mbili na nusu, breka ya 20, na za jikoni zisichanganywe na za sebuleni na vyumbani. AC ya kawaida ya chumba cha kulala inatoshwa na mbili na nusu, ila uwe waya wake peke yake; weka paipu yake sasa hata kama AC yenyewe ni ya mwakani, na uache nafasi ya breka kwenye meinswichi (sanduku la breka).

Hita ni habari nyingine. Soma wati zilizoandikwa ubavuni. Ikiwa ni 7,000, gawanya kwa volti 230: ampea 30 na ushee. Waya wa mbili na nusu utachemka ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna jicho linaloona. Hita hiyo ipewe waya wa 6 kutoka kwenye meinswichi, breka yake ya 32, na nje ya bafu swichi yake inayokata nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro.

Kuhusu ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, hujaniuliza, nami siwezi kulinyamazia. Breka inalinda waya, haikulindi wewe. Breka ya 20 inaziacha ampea 20 zipite bila kushtuka, ilhali mtu huuawa na chini ya sehemu ya kumi ya ampea moja. Hita ikivuja umeme katika nyumba isiyo na ethi, anayeoga ndiye anakuwa ethi. Rodi ya ethi (fimbo ya chuma) ipigiliwe kwenye udongo wenye unyevu, waya wa kijani na njano ufike kila soketi na kwenye hita, na meinswichi iwe na RCD, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kufikia miliampea 30. Fundi akikwambia si lazima, tafuta mwingine.

Huyo mwingine awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. TANESCO watataka mchoro wenye muhuri wa fundi mwenye leseni kabla ya kukuletea mita ya LUKU, na muhuri huo uwe wa mtu aliyefanya kazi kwa mikono yake, usiwe wa kuazima. Waya nunua mwenyewe. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, irudishe dukani.

Paipu zikishawekwa, kabla lipu haijapigwa, piga picha kila ukuta huku futi ya fundi imening'inia pembeni ili vipimo vionekane. Siku ukitaka kutundika kabati au televisheni, utajua drili isiguse wapi.