Kwa Uliyechaguliwa Juzi: Mwaka Mmoja Ndani ya Kamati ya Chama cha Kitaaluma

Hongera. Makofi yamekwisha, picha ya pamoja imepigwa, na wewe uliyekubali jina lako lipendekezwe huku ukitazama chini umeshakuwa mjumbe wa kamati tendaji ya chama cha kitaaluma cha kanda. Nimekuwa katibu wa chama cha namna hiyo kwa miaka sita, na kabla ya hapo nilikuwa mjumbe wa kawaida kwa miwili. Haya ndiyo niliyotamani mtu aninong'oneze siku nilipokabidhiwa faili moja, muhuri, na maneno "utazoea tu".

Kwanza, ondoa kichwani picha kwamba mwaka wa chama ni kongamano. Wanachama wengi wanakiona chama siku mbili kwa mwaka: wanasikiliza mada, wanakutana na marafiki, wanaondoka. Siku zinazobaki ni za barua, vikumbusho, kusahihisha prufu (nakala za majaribio kabla ya kuchapa) na kumtafuta mtu aliyeahidi jambo. Anayeingia kwenye kamati kwa kupenda jukwaa huwa amechoka kufikia mwezi wa nne. Anayedumu ni yule asiyeona shida kufanya kazi ambayo hakuna anayeiona.

Wiki ya kwanza ni ya makabidhiano, na makabidhiano yana adui mmoja: uungwana. Mweka hazina anayeondoka ni mtu mzima, anaheshimika, na unaona haya kumwambia aorodheshe kila kitu. Mwambie. Benki haitabadilisha watia saini kwa sababu mmepiga picha. Itadai dondoo la muhtasari wa mkutano mkuu, lenye azimio, majina kamili na saini. Dondoo hilo likichelewa, chama kinakaa na fedha kisizoweza kuzigusa. Sisi iliwahi kutupata: miezi miwili na nusu, mkaguzi wa hesabu anadai malipo yake, na watia saini wawili kati ya watatu walikuwa wamemaliza muda wao. Nywila ni hivyohivyo. Tovuti ya chama iwe imesajiliwa kwa jina la chama na kwa anwani ya barua pepe ya wadhifa, si ya mtu. Ukikuta imesajiliwa kwa jina la mjumbe wa zamani, ibadilishe wakati bado anapokea simu zako.

Usidhani hili ni tatizo la zama za kompyuta. Jarida la Philosophical Transactions la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, lilianzishwa mwaka 1665 na katibu wa chama hicho, Henry Oldenburg, kwa gharama yake mwenyewe. Makatibu waliomfuata waliendelea kulitoa kama shughuli yao, na chama chenyewe kililichukua rasmi mwaka 1752. Miaka 87 watu walidhani jarida ni la chama, kumbe ni la katibu! Uliza jarida lenu ni la nani kwenye karatasi.

Sasa nikae kidogo kwenye muhtasari wa vikao, kwa sababu hapa ndipo vyama vinapofia. Mwaka wangu wa pili kama katibu palizuka mzozo kama wanachama wa heshima wana haki ya kupiga kura. Wazee walisema liliamuliwa zamani. Nikafukua mafaili usiku mzima nikalipata: kikao cha miaka minane nyuma, ajenda namba tano, "Wanachama wa heshima". Chini yake sentensi moja: "Ilikubaliwa kama ilivyopendekezwa." Kilichopendekezwa hakikuandikwa popote. Aliyekuwa mwenyekiti alikumbuka hivi, aliyekuwa katibu akakumbuka vile, na wote wawili walikuwa watu wakweli.

Tangu siku ile naandika azimio kwa maneno yake kamili, nalisoma kwa sauti kabla hatujaenda ajenda inayofuata, na nauliza: ndivyo tulivyokubaliana? Wajumbe huguna mara ya kwanza. Kisha wanazoea, na mara nyingi mtu husema hapana, si hivyo, na tunagundua kwamba kichwa cha kila mmoja kilikuwa na azimio lake. Kila azimio lina nani, nini na lini. "Kamati ifuatilie" maana yake hakuna atakayefuatilia. Usiandike nani alimkatiza nani. Muhtasari haurekodi joto la chumba, unarekodi uamuzi na sababu yake kwa kifupi. Na uandike ndani ya siku mbili. Ukingoja wiki, utakuwa unatunga.

Ukipewa nafasi ya kuchagua kazi ndani ya kamati, chagua hii. Wageni huikimbia kwa kuiona ya kikarani, lakini mwandika muhtasari ndiye pekee anayejua "yatokanayo" yote yamefikia wapi, na baada ya miezi sita hata mwenyekiti anakuuliza wewe kwanza.

Ada sitaisemea sana. Watu hawakatai kulipa, wanasahau. Tangazo moja kwa wanachama wote hupita kama upepo. Ujumbe mfupi wenye jina la mtu na mwaka anaodaiwa huleta malipo siku hiyohiyo. Toa risiti haraka. Na funga orodha ya waliolipa mapema, kwa kuwa katiba nyingi hutoa kura kwa aliyelipa tu, na hutaki kuhesabu stakabadhi mlangoni siku ya uchaguzi.

Kwa yeyote atakayekaa kwenye kamati ya machapisho nina kisa kimoja cha samaki. Mwaka 1686 Royal Society iligharimia kitabu kikubwa kuhusu samaki, kazi ya Francis Willughby iliyokamilishwa na John Ray, chenye michoro ya kupendeza na ya gharama. Hakikuuzika. Mwaka huohuo ulianza kuja mswada wa Newton, ule wa Principia (kitabu chake cha sheria za mwendo na uvutano), na kasha lilikuwa tupu. Edmond Halley, aliyekuwa karani wa chama, ndiye aliyetoa fedha zake kuuchapa, na chama chenyewe kikaja kumlipa mshahara kwa nakala za kitabu cha samaki. Kila chama kina kitabu chake cha samaki: toleo maalumu la kumbukumbu ya miaka kadhaa, karatasi nzito, rangi kila ukurasa, maboksi yanayolala stoo. Mtu akipendekeza jambo la fahari, uliza kwa upole nakala ngapi zimeshaagizwa na nani.

Mihadhara ya kila mwezi inafundisha jambo dogo ambalo nilichelewa kulijua: tarehe huchaguliwa kwa kufikiria safari ya kurudi nyumbani. Lunar Society ya Birmingham, kile kikundi cha kina James Watt na Erasmus Darwin cha karne ya 18, kilikutana siku za karibu na mwezi mpevu, ili wajumbe warudi kwao barabara ikiwa na mwanga. Jina lenyewe, maana yake chama cha mwezi, lilitokana na ratiba. Chama cha kanda kina watu wa karibu na watu wa mbali, na ukipanga kila kitu kwa raha ya wanaokaa makao makuu, baada ya miaka mitatu utakuwa na chama cha mji mmoja chenye jina la kanda. Mikutano ya mtandaoni imesaidia, ila nayo ina kasoro yake: aliye mbali husikiliza tu, hasemi. Mimi humpa mtu wa mbali nafasi ya kuuliza swali la kwanza, kila mara.

Sasa kongamano. Hesabu kwa kurudi nyuma: siku yenyewe, toa mwezi mmoja wa kuchapa ratiba, toa miezi miwili ya watu kuomba ruhusa na nauli kazini kwao, toa mwezi na nusu wa kupitia ikisiri (maelezo mafupi ya mada), toa miezi miwili ya wito wa kuleta mada kuwa hewani. Umeshapita nusu mwaka, na bado hujaandika wito wenyewe. Utakapoutoa, patakuwa kimya cha kutisha. Mwaka wa kwanza niliandika barua ya kujiuzulu kichwani. Kisha siku mbili za mwisho ikisiri zikamiminika. Ndivyo ilivyo kila mwaka, kwa hiyo usitangaze kuongeza muda kabla ya muda kwisha. Ukishafanya hivyo mara moja, wanachama wataichukua tarehe yako ya kwanza kama salamu tu.

Wahakiki, wale wanaopima makala kabla haijachapwa, ni shughuli nyingine. Makala ikihitaji wahakiki wawili, waandikie wanne. Mmoja atakataa, na mmoja hatajibu au atakubali kisha apotee. Wape wiki tatu, si miezi mitatu: mwenye miezi mitatu huifanya kazi wiki ya mwisho vilevile. Kikumbusho kiende kabla ya tarehe, kikiwa cha heshima, na makala iambatanishwe upya, maana ile ya kwanza imezama kwenye barua nyingine. Uhakiki wa kejeli usiupeleke kwa mwandishi kama ulivyo. Mhariri ana mamlaka ya kutoa hoja na kuacha kejeli, na kijana akivunjwa moyo na chama chake cha kanda hana sababu ya kuleta makala ya pili.

Kuhusu vijana: usiruhusu wawekwe wote kwenye kikao cha mwisho jioni, ukumbi ukiwa umebaki na viti. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza, alisoma makala yake ya kwanza kwenye chama cha fasihi na falsafa cha Manchester mwaka 1794, wiki chache tu baada ya kupokelewa uanachama. Ilihusu upofu wa rangi, ambao yeye mwenyewe alikuwa nao. Mwaka 1800 alikuwa katibu, na kuanzia 1817 mwenyekiti hadi alipofariki mwaka 1844. Nusu karne ya utumishi, mwanzo wake ni chama kilichompa mgeni nafasi ya kusema akiwa bado mgeni. Ninapopanga ratiba huwa namweka mwanachama mpya mmoja asubuhi, mara tu baada ya mhadhara mkuu, watu wangali wamekaa. Wakubwa wawili watatu hulalamika. Waache walalamike.

Baada ya kongamano kila mtu hupumzika isipokuwa mhariri wa mijadala (kitabu cha makala zilizosomwa), na huyo ndiye ninayemhurumia na kumwonea wivu. Wawasilishaji walioahidi makala kamili ndani ya mwezi hawazileti. Sababu ya kuwasumbua hadi wazilete naieleza kwa habari ya Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa. Alisoma utafiti wake wa njegere mbele ya chama cha sayansi asilia cha Brno, mji wa Ucheki ya leo, chama cha kanda kama hiki chetu, Februari na Machi mwaka 1865. Ukumbini haukuzua mshindo wowote. Lakini chama kikauchapa kwenye mijadala yake mwaka 1866, na kama desturi ya vyama wakati ule, kikapeleka nakala kwa maktaba na vyama vingine ambavyo kilibadilishana navyo machapisho. Mendel akafa mwaka 1884. Mwaka 1900 wataalamu wa mimea, kila mmoja kwa njia yake, waliyafikia matokeo hayohayo na kukuta yameshaandikwa. Kilichouokoa utafiti ule ni kwamba mhariri fulani wa chama kidogo aliufikisha kiwanda cha uchapaji, na mtu fulani akafunga vifurushi na kuandika anwani.

Leo vifurushi ni namba na mafaili: ISSN (namba ya utambulisho) yenye tarakimu 8 kwa ajili ya jarida, DOI (kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni) kwa kila makala, nakala kwenye maktaba ya taifa, na nakala nyingine mahali pasipotegemea kompyuta ya mhariri. Inachosha. Tenga siku mbili kila mwaka, zifanywe na mtu anayependa mambo ya mpangilio, si na mwenye cheo.

Mwisho wa mwaka unarudi pale ulipoanzia, kwenye mkutano mkuu. Soma katiba kabla ya kuandika tangazo, wala usiamini kumbukumbu yako. Mimi niliwahi kutuma taarifa ya mkutano siku 19 kabla, katiba ikisema 21. Hakuna aliyegundua hadi mgombea aliyeshindwa alipogundua. Uchaguzi ukarudiwa, na matokeo yakawa yaleyale, lakini ukumbi tulilipia mara mbili na kwa mwaka mzima nikaitwa "Katibu Kumi na Tisa". Hesabu pia akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji inayotakiwa) kabla ya kufungua mkutano, na uihesabu tena kabla ya kura, kwa kuwa watu huondoka mchana.

Taarifa ya fedha isomwe na mweka hazina mwenyewe, polepole, na mjumbe mmoja awe ameisoma kabla yake akitafuta makosa ya kujumlisha. Usizuie maswali kwa kisingizio cha muda. "Mengineyo" yaombwe kwa maandishi mapema, la sivyo saa ya mwisho italiwa na mtu mmoja mwenye dukuduku la miaka kumi.

Na usiku huohuo, hata kama miguu inauma, fungua daftari uandike majina ya waliopendekeza na waliounga mkono kila hoja. Muhtasari wa mkutano mkuu huthibitishwa kwenye mkutano mkuu unaofuata, miezi 12 baadaye, na kufikia hapo wewe mwenyewe utakuwa umesahau ni nani aliyeinua mkono.