Shangazi, mtoto ana miezi saba na mimi nataka kurudi shule

Safari hii barua nyingi zimetoka Kigoma, sijui mmeambizana huko! Nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mabinti wanaoniuliza hilo swali ni wengi na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 17 nakaa Ujiji. Mwaka jana nilikuwa kidato cha pili nikapata mimba nikaacha shule, sasa hivi mtoto ana miezi saba. Mama anasema twende wote Kibirizi kuanika dagaa maana shule ndo basi tena, baba mdogo yeye anataka niolewe na huyo huyo aliyenipa mimba ili aibu iishe. Mimi nataka kusoma, bailojia nilikuwa naiweza sana. Rafiki zangu wananiambia ukishazaa serikali haikutaki tena. Ni kweli? Na mtoto nitamwacha na nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto, maana najua wengi hawakukupa hiyo hongera.

Si kweli. Rafiki zako wanakwambia mambo ya zamani, kweli kuna kipindi binti akizaa mlango ulikuwa umefungwa kabisa, lakini Novemba 2021 serikali ilitoa Waraka wa Elimu namba 2 unaoruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kurudi kwenye shule za kawaida, na waliopata mimba wamo. Mwongozo uliokuja baadae ukaweka mda wa miaka miwili tangu ulipoacha. Wewe umeacha mwaka jana, kwa hiyo mda bado unao ila unakwenda, usikae ukasubiri mtoto atembee kwanza. Nenda na mama yako au mtu mzima yeyote anayekupenda mkamwone mkuu wa shule. Akikuzungusha usirudi nyumbani kulia, pandeni kwa ofisa elimu kata, na hapo pakishindikana kwa ofisa elimu sekondari wa manispaa. Ukiona kurudi darasa lile lile ni kujitesa na macho ya watu, omba shule nyingine.

Kuna mlango mwingine na usiudharau, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa njia yao kidato cha kwanza na cha pili unasoma mwaka mmoja, cha tatu na cha nne mwaka mwingine, ukimaliza unakaa mtihani wa NECTA kama wenzako. Ratiba zao zinamfikiria mtu mwenye mtoto. Alafu kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, hapo mkoani kwenu kipo Kasulu na kipo Kibondo, kuna mpango unaitwa Elimu Haina Mwisho ambao umewapokea wasichana walioacha shule wakasoma sekondari na ufundi pamoja, na mtoto ana sehemu ya kulelewa wakati mama yuko darasani. Ulizia nafasi mapema maana huwa zinajaa.

Sasa mtoto. Miezi saba ameshaanza kula, kwa hiyo huna kifungo kile cha miezi sita ya ziwa tupu. Mnyonyeshe alfajiri kabla hujatoka, ukirudi, na usiku kadri anavyotaka, maziwa mengine unaweza kukamua kwenye chombo kisafi chenye mfuniko akapewa kwa kikombe, ila kwa joto la Ujiji yasizidi masaa manne. Uji wake uwe na kitu, dagaa mnao wa kumwaga, watwangeni wawe unga kabisa mchanganye na tone la mawese, mtoto atakua vizuri kuliko wa mjini anayelishwa biskuti. Akifika miezi tisa usikose chanjo ya surua, na tena miezi kumi na nane. Mtoto akiumwa umwa kila wiki mama yake hasomi, yaani kadi ya kliniki ya huyo mtoto na daftari lako la bailojia vinakwenda pamoja.

Hapa kwingine nakuomba usinionee aibu. Nimeona mabinti wamerudi shule kwa shangwe na mwaka haujaisha wana mimba ya pili, na mimba ya pili ndo inayoua kabisa ndoto kwa sababu wale waliokusaidia mara ya kwanza wanachoka. Nenda kituo cha afya uulizie uzazi wa mpango, kwenye vituo vya serikali ni bure. Kuna kijiti kinachowekwa mkononi kinakaa miaka mitatu au zaidi kutegemea aina, ukikitoa uzazi unarudi. Kuna sindano ya miezi mitatu, hiyo uzazi unaweza kuchelewa kidogo kurudi lakini unarudi. Kuna kitanzi, kuna vidonge. Hakuna hata kimoja kinachozuia UKIMWI au kaswende, kondomu inabaki pale pale. Ukikuta nesi anakuhubiria badala ya kukuhudumia, uliza siku ya huduma rafiki kwa vijana au omba nesi mwingine, ni haki yako kuhudumiwa bila kutukanwa.

Mama yako simlaumu, anaona njaa ya leo. Muongelee kwa hesabu za kazi yake anazozijua. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala, maana dagaa wanavuliwa kwa taa, hela ipo wakati wa giza tu. Na 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane aliona mwenyewe nyumba ngapi zilikaa kimya, ile ilikuwa sawa kwa ajili ya ziwa lakini mtu mwenye kazi moja tu na hana cheti alikwenda wapi? Mwambie utamsaidia kuanika jumamosi na likizo, yeye akushikie mtoto asubuhi. Hapo mnapeana.

Kwa baba mdogo, mkubwa mwingine amfikishie hili taratibu. Mahakama ya Rufani Oktoba 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vile vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuozeshwa chini ya miaka 18 vinapingana na katiba. Na sheria ya elimu tangu 2016 inasema anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anaweza kwenda jela miaka 30. Kwa hiyo huyo anayetaka kumwita mkwe ni mtu mwenye kesi. Ukiona wanakulazimisha piga 116, ni simu ya bure ya msaada kwa watoto na wewe bado ni mtoto kisheria, au nenda dawati la jinsia na watoto hapo polisi.

SWALI: Habari ya kazi mama. Mimi ni mzee wa makamo nipo Uvinza. Wamekuja shuleni wanataka kuwachanja mabinti wetu wa darasa la tano eti saratani ya kizazi. Mtaani wanasema inawafunga uzazi ili waafrika tupungue. Mjukuu wangu ana miaka 11, nisaini au nikatae?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukataa. Mruhusu achanjwe.

Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV ambacho karibu kila mtu anaweza kukipata akishaanza mambo ya ukubwa, na ndo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Chanjo inafanya kazi vizuri ikimkuta mtoto kabla hajakutana na hicho kirusi, ndo maana wanaifata darasa la tano na sio chuo kikuu, haina maana kwamba mjukuu wako anahisiwa tabia mbaya. Tanzania ilianza kuichanja nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 wanapewa wa miaka 9 hadi 14 dozi moja tu. Australia walianza 2007, mabinti waliochanjwa kule sasa ni akina mama wana watoto wao. Haifungi uzazi mzee wangu, kinachofunga uzazi ni hiyo saratani yenyewe, ikichelewa kuonekana kizazi kinatolewa.

Na nikuombe jambo, bibi yake na mama yake hawajachanjwa kwa sababu walizaliwa kabla, wao waende wakapimwe. Kipimo cha siki, yaani mlango wa kizazi unapakwa siki laini kuona kama kuna mabadiliko, kinafanyika dakika chache tu, vituo vingi vya afya wanacho, na wakikuta dalili za mwanzo wanatibu mapema kabla haijawa saratani.

SWALI: Shangazi mambo, mi ni kijana naendesha bodaboda Kasulu, nina miaka 24, nimeishia fomu foo. Kila projekti inayokuja huku ni wasichana, wanawake, wasichana. Sisi wanaume hatuna shida? Nimechoka, tunaachwa tu alafu wanakuja kutulaumu.

JIBU: Mdogo wangu nimekusoma mara mbili mbili na sitakujibu kwa kukusuta. Una shida na zinastahili kusikilizwa. Ila kwanza nikwambie kwa nini projekti zinaanza kwa dada zako. Pale kwenu Kigoma mwaka 1994 watu wa Jane Goodall, yule mama wa sokwe aliyefika Gombe 1960, walianzisha mpango wa TACARE, kichwani walikuwa na miti na milima iliyokwisha kukatwa. Wanavijiji walipoulizwa wakataja zahanati, maji, shule, mashamba yaliyochoka. Mpango ukageuka ukaingiza afya na vikundi vya kuweka na kukopa na ufadhili wa wasichana kwenda sekondari, kwa sababu nyumba ambayo mama amesoma na anapanga uzazi wake watoto wanakula, na ukiangalia vizuri nusu ya hao watoto ni wa kiume kama wewe. Hela iliyomfikia dada yako haikutolewa mfukoni mwako.

Lakini kwenye kazi uko sahihi, na hapo hujui haki yako. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 VIJANA, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Vijana wa kiume wengi hawaipati si kwa kunyimwa, ni kwa sababu kikundi kinavunjika kabla ya kusajiliwa. Tafuta wenzako wa kijiweni mnaoaminiana kweli, andikeni katiba, fungueni akaunti, wekeni akiba ndogo ndogo miezi kadhaa watu waone mko serious, alafu mkamwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata na wazo linaloeleweka. Mkiandika "biashara mbalimbali" hamtapata kitu. Mkiandika karakana ya pikipiki, vipuri gani, mafundi nani, wateja wapo wapi, mtasikilizwa. Kama ufundi huna, VETA ipo Kigoma, kozi fupi hazikuondoi barabarani mwaka mzima.

Alafu mdogo wangu, afya. Wanaume hamji kituoni mpaka mmebebwa. Kapime virusi vya UKIMWI, presha, na kikohozi kikipita wiki mbili usikiite vumbi la barabarani, kapime TB, dawa ni bure. Kama una mwenza mwenye mimba mpeleke kliniki kwa hiyo hiyo bodaboda yako na ukae ndani msikilize wote, usimwache getini. Na abiria wako wanafunzi wasichana, wewe na wenzako mnajua vizuri chipsi na lifti za bure zinavyomaliza. Mkikubaliana kijiweni kwamba mwanafunzi haguswi, hakuna semina itakayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

SWALI: Dada, niko Kalya kule kusini ziwani. Mdogo wangu ana miaka 18 mimba ya kwanza miezi nane. Ikitokea usiku uchungu umekuwa mbaya na boti hakuna tunafanyaje?

JIBU: Pigeni 115. Ni bure, ni mfumo wa m-mama wa dharura za wajawazito na watoto wachanga, wao wanatafuta gari la wagonjwa na kama liko mbali wanamtuma dereva wa jamii waliyemwandikisha wanamlipa wao. Namba iandikeni kwenye simu zote za nyumbani leo, na ukutani pia.

Msisubiri usiku huo lakini. Mimba ya kwanza kwa umri wake inataka uangalizi, muulizeni mkunga wa zahanati kama asogee mapema karibu na kituo kinachofanya upasuaji, wiki mbili tatu kabla ya siku zake, akae kwa ndugu au chumba cha wazazi kama kipo. Kigoma imepata bahati kwenye hili, tangu 2006 kuna mpango ulioboresha vituo vya afya vya vijijini na kufundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi, siku hizi si lazima kila mtu akimbizwe hospitali ya mkoa ya Maweni. Muulize mkunga kwa upande wenu ni kituo gani na mfike mkakione kwanza.

Akitoka damu, akiumwa kichwa kikali au macho yakaona ukungu, akivimba uso na mikono, chupa ikipasuka bila uchungu, au mtoto akiacha kucheza, hapo hamsubiri asubuhi wala ruhusa ya mume aliyeko ziwani. Tengeni hela ya mafuta ya boti kuanzia sasa, mwambieni mwenye boti jirani mapema na mjue nani mwingine akiwa hayupo, na begi lake liwe limefungwa mlangoni, kanga, nguo za mtoto, kadi ya kliniki, na mtu mmoja wa kumsindikiza ambaye damu zao zimepimwa zinafanana.