Kwa malaria kali, sindano ya artesuneti ndiyo ya kwanza, si dripu ya kwinini

Wapo wanaoamini kwamba kwa malaria kali dripu ya kwinini ina nguvu kuliko sindano ya artesuneti. Hapana, si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya, ulionyesha kwamba waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, ilhali waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesuneti kwa watoto na watu wazima, wakiwamo wajawazito. Kwinini, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa masikio kuvuma, pia hushusha sukari ya damu, jambo la hatari kwa mtoto ambaye tayari amepoteza fahamu. Hubaki kuwa dawa ya akiba pale ambapo artesuneti na hata artemetha ya sindano hazipatikani.

Sindano hutolewa kwa angalau saa 24, kisha mgonjwa anapoweza kumeza ni lazima amalize dozi kamili ya dawa mseto ya siku 3. Aidha, wapo wachache wanaopungukiwa damu wiki moja au zaidi baada ya kupona, hivyo wapimwe tena.