Kupiga Piano kwa Kigasha

Msomaji mmoja ameniandikia juzi: "Dada, hicho kipande unachokipiga kwa mkono mzima, ni muziki au ni fujo?" Nilicheka. Halafu kicheko kikakata, maana mwalimu wangu wa piano alinirushia swali hilohilo miaka mitatu iliyopita mbele ya wenzangu, na yeye hakutaka jibu.

Kipande chenyewe ni "The Tides of Manaunaun" cha Henry Cowell, mtunzi wa muziki Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1897. Ni cha dakika tatu hivi. Mkono wa kulia unaimba wimbo wenye ladha ya Ireland. Kigasha cha kushoto, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, kinalalia besi, oktavu mbili (ngazi mbili nzima za nota) kwa mpigo mmoja, kwa kuwa Manaunaun ni mungu wa bahari katika hekaya za Ireland na hayo ni mawimbi yake.

Siku ile nilivaa bangili sita. (Nilitaka kupendeza, mnisamehe.) Nilishusha mkono kama ninayetwanga kisamvu, bangili zikalia, wimbo wa mkono wa kulia ukazama wote. Mwalimu akasema bangili zimepiga vizuri kuliko mimi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hadi leo naisikia sauti yake.

Basi sikilizeni. Usipige, laza. Uzito wa mkono unatosha, kiwiko kikishuka pamoja na kiganja bila kutangulia. Nota ya chini kabisa na ya juu kabisa ziguse pale zilipoandikwa. Cowell hakuandika "popote pale". Anza kwa sauti ya chini sana, kwani bahari inajaa polepole na mwishoni inakupwa. Na narudia: laza, usipige.

Mnaogopa kuchekwa? Mwaka 1923, Cowell alipopiga Leipzig, Ujerumani, wasikilizaji walipigana ukumbini mpaka polisi wakaingia, na yeye akaendelea kupiga. Béla Bartók, mtunzi mashuhuri wa Hungaria, naye alimwomba ruhusa ya kutumia mrundikano ule wa nota zinazopigwa pamoja. Bartók, jamani, aliomba ruhusa! Sisi tunakata tamaa kwa sababu ya kicheko cha watu kumi na wawili.

Mwezi uliopita nimekipiga tena. Wimbi la mwisho lilipoisha nikaacha mguu kwenye pedali, ukumbi kimya, sauti ikififia yenyewe. Mwalimu yule nilimtumia mwaliko. Hakuja, hakujibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia: ni muziki. Na bangili uvue.