Kununua sanda na kuandika wasia ukiwa mzima: je, ni kuita kifo?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mzee wa miaka 61, naishi Nyalenda hapa Kisumu. Nilisilimu mwaka 1994. Mama yangu yu hai, yeye na ndugu zangu wako Siaya na ni Wakristo. Nina sukari na presha. Juzi nilinunua sanda, nikawaambia wanangu nataka kuandika wasia nizikwe Kiislamu. Mke wangu akalia. Mwanangu mkubwa akasema naita kifo. Mwenzangu mmoja msikitini naye akasema kupanga mauti ni kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, kwani siku ya mtu iko kwa Mungu. Je, nifanye sasa au ningoje hadi nizidiwe?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mzee wangu. Usingoje. Aliyezidiwa haandiki wasia, huandikiwa, na wasia ulioandikwa ulimi wa mwenyewe ukiwa mzito mara nyingi huacha kesi.

Kilichonisumbua zaidi ni hilo neno la mwenzako wa msikitini, maana nimelisikia Kaloleni na nimelisikia Mumias, na husemwa kwa sauti ya uchamungu. Husemwa na mtu aliyefunga duka kwa kufuli mbili kabla ya kuja kuswali. Tawakkul ikamtosha kwa roho yake, haikumtosha kwa magunia ya sukari!

Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba haimfai Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa na uko kwake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi, kutoka kwa sahaba Ibn Umar, naye akasema tangu aisikie haukumpitia usiku hata mmoja ila wasia wake uko kwake. Alipoisikia alikuwa kijana, hakuwa na presha wala sukari. Basi ni nani kati yetu mwenye tawakkul kumshinda?

Baba yake, Khalifa Umar, alipochomwa kisu, alimwambia mwanawe ahesabu madeni yake, yakafika dirham 86,000 au karibu na hapo, akaagiza yatakavyolipwa na nani aombwe yasipotosha. Kisha akamtuma kwa Bi Aisha, mke wa Mtume, kuomba azikwe pamoja na sahibu zake wawili, Mtume na Abu Bakr, akasisitiza asitajwe kama Amirul Muuminina, yaani kiongozi wa waumini. Aisha akakubali. Umar hakuridhika. Aliagiza akishakufa, jeneza likifika mlangoni, ruhusa iombwe tena, na Aisha akikataa azikwe kwenye makaburi ya Waislamu wengine. Huko ndiko kupanga mauti, na aliyepanga ni Umar.

Na sanda? Kuna sahaba aliyemwomba Mtume joho alilokuwa amelivaa, watu wakamlaumu, akasema ameliomba liwe sanda yake, na likawa. Mtume hakumkataza. Kuchimba kaburi mapema ndiko baadhi ya wanazuoni hawakupendi, kwa sababu hakuna nafsi ijuayo itafia ardhi gani. Kwa hiyo sanda weka, jembe liache. Tulichokatazwa ni kutamani mauti, na wewe hukutamani.

Mwanao usimkasirikie. Anaogopa kubaki bila baba, na hofu ikikosa maneno husema "unaita kifo". Mkeo naye mwache alie, kisha kaeni tena siku nyingine.

Sasa lililo zito. Wengi wenu mnaokumbuka mwaka 1987 mnajua kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake alisema mumewe alitaka kuzikwa Ngong, ukoo ukasema Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano hadi Mahakama ya Rufani ikawapa ukoo, akazikwa Nyalgunga. Mwanasheria, mzee wangu! Na ushahidi wa mjane ulikuwa wa maneno ya mdomo tu.

Usidhani Kadhi atakukinga na hilo. Katiba, kifungu cha 170, inampa Kadhi mamlaka pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Ndugu zako hawamo. Wakipinga, kesi itakwenda mahakama ya kawaida, na huko matakwa ya marehemu husikilizwa lakini hayafungi mikono ya hakimu. Karatasi yako ni muhimu, lakini haitoshi.

Kwa hiyo nenda Siaya ukiwa na miguu yako. Ule nao samaki, kisha uwaambie mwenyewe, mbele ya mama: nataka nioshwe na Waislamu, nivikwe sanda, niswaliwe, nizikwe upesi katika makaburi ya Waislamu. Waeleze kwamba hukuikimbia dala, yaani boma la nyumbani, na wanao watakuja kila mwaka. Wanao nao uwausie: mkikwama kabisa, shikilieni kuosha, sanda, swala na kuelekezwa kibla, wala msivutane na baba zenu wadogo juu ya jeneza nami niko mochari.

Katika wasia anza na madeni, hata ya chama na yale ya simu ambayo mkeo hayajui. Taja nani aseme na madaktari usipoweza kusema. Usimwandikie mkeo au mwanao nyongeza, kwani hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Kwa sharia ya Kiislamu, yule uliyemwandikisha kwenye sacco ni mpokeaji tu, fedha zinagawiwa warithi. Weka mashahidi wawili waadilifu.

Na mama. Kwa tofauti ya dini hakurithi, hilo unalijua, na nahisi ndilo linalokuuma ingawa hukuliandika. Lakini mlango wa wasia uko wazi kwake, ndani ya theluthi ya mali yako, na sahaba Saad bin Abi Waqqas aliambiwa na Mtume theluthi ni nyingi. Mwandikie kitu: paa la nyumba yake, dawa zake. Bibi Safiyya, mke wa Mtume, imepokewa kwamba alimuusia jamaa yake Myahudi. Kisha umwambie mama umemwandikia nini, asije akasikia kwa wakili.

Wallahu a'lam.