Mlio wa mbele ya gari: usishike spana kabla hujausikia mwenyewe

Kijana unayeanza kazi ya gereji hapa Unguja, jiandae: gari nyingi utakazoletewa zitakuwa zinalia mbele. Sababu yake tunaikanyaga kila siku. Ukienda upande wa mashariki, Jambiani au Makunduchi, ukaacha lami na kuingia ndani ya kijiji, chini ni jiwe tupu la matumbawe. Gari zenyewe nyingi ni ndogo, zimeshatumika Japani kabla ya kufika bandarini kwetu. Chumvi ya bahari inakula chuma, na mchanga unaingia kwenye kila mpira uliochanika.

Mwenye gari akifika atakwambia, "Fundi, shokapu zimekufa." Mpokee kwa adabu, lakini usimwandikie shokapu. Muulize mlio unakuja wakati gani. Kwenye tuta au kwenye vijiwe? Akikanyaga breki? Akikata usukani gari ikiwa imesimama? Kisha mwombe aendeshe yeye, kwa njia yake ya siku zote na mwendo wake, nawe ukae pembeni usikilize. Fundi anayeruka hatua hii huishia kubadilisha kimoja baada ya kimoja kwa pesa ya mwenziwe, na mimi hiyo siiti kazi.

Kabla ya kutoka, toa jeki kwenye buti, kaza tairi la spea, hakikisha boneti imefunga sawasawa. Vitu hivyo vikilegea navyo hulia, na vimeshafanya shokapu nyingi zisizo na kosa zibadilishwe.

Mlio utakaokutana nao zaidi ni ule wa kaka-kaka-kaka kwenye vijiwe, gari ikienda pole pole. Hapo anza na linki za stabilaiza, vile vijiti vifupi vinavyoshika ncha za fimbo ya stabilaiza. Fimbo ya stabilaiza inaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na hujipinda pale moja linapopanda na jengine likabaki chini. Kwa hiyo panda tuta magurudumu yote mawili kwa pamoja, halafu tafuta pahala upandishe upande mmoja tu. Mlio ukiwa mdogo mara ya kwanza na mkubwa mara ya pili, linki ndizo za kushukiwa.

Lakini wengi hupotea hapa: wanainua gurudumu moja kwa jeki, wanatikisa linki, wanaiona imekaza, wanaisamehe. Ukiinua upande mmoja, fimbo inajipinda na kuivuta linki, ule ulegevu unajificha. Iangalie gari ikiwa chini, au inua pande zote mbili sawa na uweke stendi. Ukiwa bado na shaka, fungua linki zote mbili, funga fimbo isigonge kitu, uzunguke mtaa taratibu bila kukata kona kwa kasi. Kukiwa kimya, jibu umelipata.

Boljointi, kile kifundo cha chuma kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini (chuma kinachotoka kwenye bodi kuja kulishika gurudumu), ina hukumu nyengine. Kwenye gari hizi ambazo springi na shokapu viko pamoja, inua gurudumu lining'inie, ingiza mtaimbo chini ya tairi, nyanyua, na mwenzako aweke kidole kwenye jointi. Kidole kinasema kweli kuliko sikio, kwa sababu chuma huchukua sauti: kinachogonga kushoto unaweza kukisikia kulia. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, rudi kwenye boljointi. Likicheza ukilishika kushoto na kulia, tazama tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Boljointi iliyolegea usimruhusu mtu kuondoka nayo, hata akikwambia ana haraka ya kwenda shamba. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari haishikiki tena.

Mlio wa kukatakata gari ikiwa imesimama, usukani ukizungushwa, ni wa mauntingi ya juu ya shokapu, pale shokapu inapofungwa kwenye bodi. Weka kiganja juu ya springi, vidole visiingie kati ya koili, utaihisi inaruka. Angalia na koili ya mwisho chini, ndiyo kutu hupenda kuikata. Mlio unaonyamaza ukigusa breki kidogo tu, tazama pedi za breki na kalipa inayozibana. Ukilia taka-taka kwenye kona kali huku unakanyaga mafuta, ni jointi ya ekseli, ile fimbo inayozungusha gurudumu.

Kishindo kimoja kizito wakati wa kufunga breki au kuondoka, mara nyingi ni bushi ya mkono wa chini, yaani mpira ulioko pale mkono unapofungwa kwenye bodi. Ukiibadilisha, bolti yake usiikaze magurudumu yakiwa yananing'inia. Iache kwanza, shusha gari ikae kwa uzito wake, itikise, ndipo ukaze. Ukiikaza hewani, mpira utabaki umejisokota kila gari inapokaa chini, utapasuka mapema, na mteja atarudi na mlio ule ule akidhani umemuuzia bushi mbovu.